Kobe, Bwana Saa na Kisanduku cha Familia

Februari 9

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kitinda amenitumia ujumbe kwamba umefika, maneno mawili tu, "Mama kafika," utadhani amepokea gunia la saruji. Kwa hiyo sijui lolote zaidi ya hapo. Nakuandikia kwa sababu simu kwako ni kelele tupu tangu sikio la kushoto lilipokufa na la kulia likaomba likizo, na ule ujumbe wa kwenye simu wewe unasema herufi zake ni za sisimizi. Basi karatasi.

Nilikuacha mlangoni pa uwanja wa ndege nikakimbilia dukani. Mfamasia mwenzangu alikuwa hajafika na foleni ya wanaotaka dawa ilikuwa imefika barabarani. Sikuona kama uligeuka kunipungia.

Sasa nina ombi. Agosti ulikuja kwangu na ile ndege ya mkia wa bluu, uliyoibatiza Bwana Saa. Safari hii nimekukatia ile ya mkia mwekundu, ambayo watu wote wanaiita Kobe, kwa sababu zile nyingine zilikuwa zimejaa. Umeshazipanda zote mbili. Niandikie ipi ni nzuri kwa mtu wa umri wako, na usiache kitu: kungoja, kiti, chakula, wahudumu. Kitinda anasema huku kuzunguka, nusu mwaka kwangu na nusu mwaka kwake, kunakuchosha, na anataka tuamue ukae sehemu moja basi. Mimi nimemwambia safari haina shida, shida ni ndege. Kwa hiyo jibu lako lina uzito, Mama. Usilipuuze kama ulivyopuuza ile dawa ya magoti.

Wako,
Kifungua Mimba


Februari 20

Kifungua Mimba wangu,

Marahaba. Niligeuka. Ulikuwa umeshaondoka.

Umetaka ripoti, nitakupa ripoti. Nimekaa kwenye bodi ya simu miaka ishirini na saba nikiunganisha watu, kwa hiyo kupanga maneno kwa ufupi naweza, ingawa leo sitaki ufupi.

Bwana Saa. Tiketi inasema saa nne na dakika kumi, na saa nne na dakika kumi magurudumu yanazunguka. Walinikalisha kwenye kiti cha kusukumwa. Nikamwambia yule mhudumu miguu ninayo na inafanya kazi, akatabasamu akaendelea kusukuma. Wakanivika kadi shingoni yenye jina langu na namba yako ya simu, kama sanduku. Nikawekwa kiti cha mbele kabisa, dirishani, na viti viwili vya pembeni vitupu. Chakula kilikuja kwenye boksi: kuku laini, tunda, na kitambaa cha kujifutia kinachonukia limau. Matangazo yote yalitoka kwenye spika, na mwenye kutangaza alikuwa nyuma ya pazia, kwa hiyo midomo yake sikuiona. Nilifika kwako bila kufungua mdomo isipokuwa kwa kula. Kila kitu safi. Sina la kulalamika.

Kobe. Hee! Hilo jina hawakusingiziwa. Tiketi inasema saa tatu asubuhi, tumeondoka saa saba mchana. Masaa manne tumekodolea macho mlango. Ukumbi wao mdogo, feni moja inazunguka, nyingine imekata tamaa. Hawana vile viti vya mistari ambavyo kila mtu anatazama kisogo cha mwenzake. Wana mabenchi ya mbao, yametazamana, magoti kwa magoti. Ndani ya ndege mkanda wangu ulikuwa umelegea. Chakula ni biskuti, yangu imevunjika, na maji kwenye kikombe kidogo cha kumezea vidonge.

Halafu kuna jambo la ajabu. Mhudumu alitazama karatasi yake, akanitazama mimi, akasema, "Bibi, familia yako iko huku," akanipeleka mpaka mstari wa kumi na nne. Pale alikaa mwanamke mwenye mapacha wa kama mwaka mmoja hivi, jasho linamtiririka, mfuko wa nepi umemning'inia begani. Nikawa nataka kusema jamani, mmenikosea. Yule mwanamke akanitazama usoni, akasema taratibu, neno moja moja nikaliona: "Mama, nishikie huyu." Nikamshika. Akalala kifuani kwangu saa moja na nusu mpaka tunatua, akaniachia mate kwenye kola. Mhudumu alipopita na biskuti akasema wajukuu wamefanana na mimi. Yule mwanamke akacheka, akamwambia kweli, pua.

Soksi ya mtoto imebaki kwenye mkoba wangu. Ya kijani. Sijui nitairudishaje.

Hapa kwa mdogo wako sijambo. Kitinda anatoka asubuhi na boksi lake la spana, lifti za mji mzima zinamngoja yeye. Wifi yako anatoka nyuma yake. Jioni tunakaa wote sebuleni, runinga inaongea.

Nimeandika kama ulivyotaka.

Mama yako


Machi 6

Mama,

Shikamoo na pole. Pole tena na tena! Masaa manne juu ya benchi la mbao na magoti yale! Mkanda umelegea, biskuti imevunjika, na juu ya yote wanakubebesha watoto wa watu. Nimesoma barua yako kazini damu ikanichemka mpaka nikampa mteja dawa ya kikohozi badala ya ya tumbo. Nilimkimbilia nikampata mlangoni, usiogope.

Sikunyamaza. Nimewaandikia Kobe malalamiko, kurasa mbili, na maneno yako yote nimeyanukuu. Nimewaambia mama yangu ni mtu mzima, masikio yanamsumbua, analipa nauli kama wengine, na wao wamemgeuza yaya. Nimedai maelezo. Watajibu, na wasipojibu nitawafuata mpaka ofisini.

Kwa hiyo mshindi ni Bwana Saa, na Agosti ndiyo hiyo hiyo. Unapokelewa, unasukumwa, unakula, unafika, hakuna anayekugusa. Nimemwambia Kitinda tumeshamaliza mjadala.

Hiyo soksi itupe tu, au mpe wifi afutie vioo.

Wako,
Kifungua Mimba


Machi 30

Dada,

Shikamoo. Unajua mimi na barua hatuelewani, lakini ukiwa dukani hupokei simu, na haya hayaenei kwenye ujumbe. Kwa hiyo nimekaa garini naandika juu ya boksi la spana.

Jumatano nilikuwa natengeneza lifti ya hospitali iliyo mtaa wa pili kutoka kwetu. Natoka kwenye shimo nimejaa grisi mpaka kope, napita mapokezi ya wagonjwa, namkuta Mama. Amekaa benchini katikati ya wagonjwa. Amevaa lile gauni lake la kusafiria, mkoba mapajani. Nikamwinamia, Mama, unaumwa nini? Akasema haumwi. Sasa unafanya nini hapa? "Nangoja." Unangoja nini? Akanitazama kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. "Nangoja tu, kama wenzangu."

Nesi wa mapokezi akanivuta pembeni. Kumbe anakuja karibu kila siku! Anakaa mpaka mchana, hana kadi wala miadi, anawashikia watu watoto wao wakiingia kwa daktari. Halafu anaondoka. Na mkononi alikuwa na soksi, Dada. Soksi moja ya mtoto mchanga.

Nadhani kichwa kimeanza. Inaniuma kuandika hivyo, lakini wewe ungemwona ungesema nini? Naomba tukubaliane: Agosti asisafiri. Mei tarehe kumi nimemwekea nafasi kwa daktari wa mambo hayo. Mpaka wakati huo nabadilisha kitasa cha mlango wa mbele, tukitoka tunafunga, funguo anabaki nazo wifi yako. Ni kwa usalama wake. Siku akipanda basi lisilo lake tutamtafuta wapi?

Nyumbani hana shida yoyote. Hasumbui. Yuko kimya tu.

Mdogo wako,
Kitinda


Aprili 8

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kitinda ameniandikia. Barua nzima, mbele na nyuma, kwa hiyo ujue ameshtuka kweli. Usimkasirikie. Nataka kukuuliza mimi kabla daktari hajakuuliza: pale hospitali ulikuwa unangoja nini? Niambie hata kama ni kitu cha aibu. Kama unaumwa mahali hutaki kumwonyesha mwanao wa kiume, niambie mimi, hiyo ni kazi yangu kila siku.

Kuhusu Agosti, tusubiri kwanza daktari atasemaje.

Jibu la Kobe limefika, nimekuwekea ndani ya bahasha usome mwenyewe. Mama, nimeona haya. Wanasema kosa halikuwa lao. Kwenye fomu ya tiketi kuna swali, "Abiria anasafiri na," na chini yake visanduku viwili: peke yake, familia. Mimi niliweka alama kwenye familia. Nilikuwa najaza kwenye kaunta, mtu ananionyesha upele kwenye mkono, nikadhani wanauliza nani atakupokea. Basi kompyuta yao ikatafuta familia yenye kiti kitupu ikakubandika hapo.

Wameomba radhi hata hivyo. Wanasema wamesahihisha taarifa zako, na kuanzia sasa hutawekwa tena na watu usiowajua. Nisamehe. Kosa lote ni langu.

Wako,
Kifungua Mimba


Aprili 19

Kifungua Mimba,

Nani alikutuma?

Nakuuliza. Nani alikutuma uwaandikie wale watu? Nimesoma karatasi yao mara tatu. "Tumesahihisha." Wamesahihisha nini? Tangu niache kazi hakuna siku niliyokaa mahali nikaona ndipo panaponifaa, ila saa moja na nusu kwenye mstari wa kumi na nne, na hiyo ndiyo mmeisahihisha, wewe na wao.

Uliniomba niseme kila kitu, nikasema kila kitu, na wewe ukasoma biskuti.

Sikiliza, mwanangu. Mimi sasa nasikia kwa macho. Mtu asiponigeukia, hajasema. Hapa kwa Kitinda makochi yote matatu yanatazama runinga. Nikikaa nao jioni naona masikio, masikio mazuri, nimeyazaa mimi nusu yake, lakini sikio haliongei. Na kwako usifikiri ni nafuu. Kwako kuna ile meza ya ukutani. Unakula umetazama ukuta, simu imeegemea bilauri. Unaosha vyombo huku unaniuliza kitu, naona mabega yanatikisika, sijui unauliza, unacheka au unalia. Nasema "ndiyo." Miezi sita nimeujibu mgongo wako ndiyo. Sijui nimekubali mambo mangapi.

Na Bwana Saa wenu ni kama nyumba zenu. Kila kitu safi, kila kitu kwa wakati, na mimi dirishani.

Pale kwa Kobe mabenchi yametazamana. Nilikuandikia hivyo, magoti kwa magoti, hukuona? Masaa manne yale nimeongea kuliko mwaka mzima. Kulikuwa na mzee anayepeleka madirisha ya kanisa, bibi harusi aliyeanza kujuta, na mhasibu mmoja mwenye kikohozi. Mtu anayengoja hana pa kukimbilia. Anakutazama, na akikutazama mimi namsikia. Nilipofika hapa nikatafuta mahali pengine pa namna ile, nikapata mapokezi ya hospitali. Mabenchi ni yale yale. Nilipomwambia Kitinda nangoja, nilisema kweli.

Kichwa changu kizima. Mpaka leo naweza kukutajia laini ya zimamoto, ya kiwanda cha sabuni, na ya yule bwana aliyekuwa akiwapigia wanawake wawili jioni moja na kuwaambia maneno yale yale. Mpelekeeni daktari hayo.

Na usidhani sijui kuhusu kitasa. Fundi amekuja wiki iliyopita, wote wakanionyesha meno. Lakini walipokuwa jikoni walisahau kwamba kuna kioo pale juu ya sinki. Niliona wifi yako akisema "funguo," na nikamwona Kitinda akisema "mpaka tujue." Tangu siku ile wakitoka wananifungia. Asubuhi nakaa na gauni langu la kusafiria nikitazama mlango. Sijawahi kuwa mpweke hivi, hata baba yako alipofariki, maana siku zile watu walikuja wakakaa mbele yangu.

Uliuliza ndege ipi nzuri. Kobe. Iacheni ichelewe.

Na soksi haifutii mtu vioo.

Mama yako


Mei 4

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea dukani nimesimama, nikashindwa, nikaenda kukaa chini stoo kati ya maboksi ya pamba. Mwenzangu akadhani nimefiwa.

Nimempelekea Kitinda nakala, neno kwa neno, hata lile la kioo cha jikoni. Leo asubuhi amenitumia ujumbe, na unamjua kwa kubana maneno: "Nimegeuza makochi." Baadaye kidogo ukaja mwingine: "Kitasa nimetoa." Wewe utakuwa umeshaona kabla yangu. Nafasi ya daktari imefutwa.

Sasa na mimi niseme langu, kwa sababu mgongo wangu umeusema na una haki. Kazini watu wananiongelesha kupitia tundu la kioo. Wananisukumia karatasi, nawasukumia chupa, nawaambia mara mbili kwa siku baada ya kula. Jioni nikirudi sina neno lililobaki. Ulipokuwa kwangu nilikuwa nafurahi nikiona taa yako inawaka, nikajiambia leo nitakaa na Mama, halafu nageukia sinki. Siyo kwamba sikutaka. Nilikuwa naogopa utaniuliza kwa nini nyumba ina sahani mbili tu, na mume aliyeondoka mbona simtaji. Ulipokuwa unajibu ndiyo, Mama, mara nyingine nilikuwa nakuuliza kama umechoka kukaa na mimi.

Tangu uondoke nakula nimesimama.

Nimeomba likizo. Agosti mbili nafika hapo kwa basi nikitoka kazini moja kwa moja, na Agosti tatu tunarudi pamoja, mimi na wewe. Tiketi mbili za Kobe. Kwenye fomu nimeweka alama kwenye familia, na safari hii nilikuwa nimekaa, mlango nimefunga, hakuna mwenye upele. Wachelewe wanavyotaka. Masaa manne, mimi benchi hili, wewe benchi lile, magoti kwa magoti. Nina maneno mengi.

Meza ya ukutani nimeing'oa. Nimeacha mashimo manne ya misumari, utanisaidia kuyaziba.

Wako,
Kifungua Mimba


Agosti 3, kutoka kiti 14A
Kwa aliye kiti 14B

Kifungua Mimba wangu,

Karatasi sina, nimechukua mfuko wa kutapikia. Hali ya hewa nzuri, hauna kazi nyingine.

Kobe amenifanyia nini leo! Wameondoka kwa wakati. Wameondoka kwa wakati, watu wale! Hatukukaa hata dakika tano. Tulikuwa bado tunatafuta nafasi kwenye mabenchi wakatuita. Ulishafungua mdomo, nikaona vizuri, "Mama, mimi," halafu ukageuka kutazama mlango, na lililofuata limekwenda upande wa mlango.

Mhudumu alituleta mstari ule ule. Ukafunga mkanda, ukanishika mkono, ukalala kabla hatujapaa. Sikushangai, basi la jana lililokufikisha usiku wa manane na kazi ya juzi viko machoni pako. Uso umeugeuzia njia. Una mvi nyuma ya sikio, nyingi kidogo. Nimekutazama muda mrefu, na sikumbuki mara ya mwisho ulinipa nafasi hiyo.

Mhudumu amepita na biskuti akaniuliza kama nasafiri na familia. Nikamwambia ndiyo, huyu hapa. Ndiyo hii nimeisema nikijua nimeulizwa nini. Biskuti yako nimekuwekea, nzima.

Mstari wa mbele kuna mtoto analia. Nilinyanyuka kumchungulia nikiwa na soksi mkononi. Si yeye.

Rubani ametangaza kitu, watu wameanza kukaza mikanda, kwa hiyo nadhani tunakaribia kushuka. Nilikuwa na mengi ya kukuambia na nimeyapanga tangu Mei. Nataka kukuambia sikuchoka kukaa na wewe. Hilo la sahani mbili nililiona siku ya kwanza, nikanyamaza nikingoja uniambie ukinitazama. Sitakuamsha. Nauweka mfuko huu mapajani pako.

Ukiamka usitafute kalamu. Geuka tu upande huu.

Mama yako